Siku Waliyompima Boke kama Mzigo

Nikidanganya hata neno moja hapa, basi ziwa lote la Musoma lininyime hata kisamaki cha furu kimoja mpaka ninaingia kaburini. Haya ni ya kweli, yote, kuanzia kichwa hadi mkia. Nimeyapata kwa mtu aliyekuwepo ndani, na mimi mwenyewe saa hiyohiyo nilikuwa napita pale nje nikienda kuulizia pensheni yangu. Kwa hiyo mtu asiniambie nimeongeza chumvi. Chumvi daktari alishanikataza.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika ofisi moja ya kusafirisha vifurushi hapo mjini. Jina la ofisi nimelificha kwa makusudi, sitaki barua ya wakili. Ndani mna kaunta ndefu, mzani wa kupimia magunia na benchi la wateja. Matawi ni mawili, moja Bunda na lingine Butiama. Boke alikuwa karani wa kaunta hiyo, mwaka wa kumi na moja sasa. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa Juni meneja anatia sahihi au hatii. Siku hiyo Juni ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Habari ya mavazi haikuwahi kuandikwa popote. Mwenye kampuni, Mama Euphrasia, anayekaa Bunda, aliwaambiaga wafanyakazi wake neno moja tu: "Vaeni kama watu." Wakavaa kama watu kwa miaka kumi na moja, na hakuna kifurushi kilichopotea kwa sababu ya gauni.

Halafu akaja Gibson. Meneja mpya, kijana wa Nyamuswa aliyepitia Mwanza, tai nyekundu Jumatatu mpaka Jumamosi. Alikuwa na miezi miwili tu kwenye kiti wakati mteja mmoja, mama wa kanisani, alipomnong'oneza kwamba yule binti wa stakabadhi, Judith, gauni lake linambana mno. Neno dogo. Meneja mwenye akili angemwita Judith pembeni, au angemwomba mama mtu mzima kama Boke azungumze naye kama dada. Gibson aliogopa kuambiwa anamtazama sana mtoto wa watu. Akaona dawa ni kuwashughulikia wote kwa pamoja.

"Wanawake wote mbele ya kaunta!" akasema.

Wanawake wote walikuwa wawili, Boke na Judith. Wakatoka. Benchi lilikuwa limejaa wateja.

"Kuna nini, bosi?" Boke akauliza.

"Nimepokea malalamiko ya mavazi. Napima. Haki sawa kwa wote."

"Unapima kwa sheria gani?"

"Kwa futi kamba," akasema Gibson, akaivuta ile futi kamba ya chuma wanayopimia makasha, ikalia *kwaaa*. Benchi zima likacheka.

"Nauliza sheria, bosi. Imeandikwa wapi na sisi tuisome?"

"Heshima haiandikwi, mama. Mtu anazaliwa nayo. Simama wima."

Boke alikuwa na miaka arobaini na sita. Angeweza kumwambia maneno ambayo kwao Butiama mtu akiambiwa anahama kijiji. Lakini aliiona ile sahihi ya Juni, akamwona mume wake Thadeo amekaa kitandani akivuta pumzi, akamwona binti yake Rhobi na daftari zake za kidato cha pili. Akasimama wima.

Gibson akachuchumaa. Akaweka chuma baridi kwenye goti la mama wa watu.

"Juu ya goti, sentimita tatu. Clementi, andika."

Clementi, karani mwenzake Boke, alikuwa amefungua kitabu cha mizigo. "Niandike wapi, bosi?"

"Hapohapo."

Clementi akaandika. Mstari wa juu ulikuwa gunia la karanga la kwenda Bunda, mstari wa chini televisheni ya Butiama, na katikati, kwa mwandiko mzuri kabisa: *Boke, pungufu sm 3*.

"Na uzito je?" mteja mmoja akauliza kutoka kwenye benchi.

Walicheka mpaka mzani ukatikisika. Mmoja akainua simu. Hata Ngusa, mpakiaji, ambaye Boke alikuwa akimgawiaga chai yake kila asubuhi, aliinama nyuma ya magunia, mabega yakimcheza.

Na Judith? Alipimwa akiwa analia. Gauni lake lilifika chini ya goti, sentimita mbili kamili. Kubana, futi kamba haipimi. Aliyelalamikiwa akapita, na ambaye hakulalamikiwa na mtu yeyote akapewa barua: ndani ya wiki moja avae sketi nyeusi inayovuka goti na shati jeupe, kwa gharama zake mwenyewe.

&nbsp;

Boke alipofika nyumbani Bweri jioni, video ilikuwa imeshafika kabla yake. Rhobi alikuwa jikoni anasonga ugali bila kuinua uso.

"Umeiona?" Boke akauliza.

"Darasa zima wameiona, mama." Akageuza mwiko. "Wamenipa jina. Wananiita Sentimita."

Thadeo alikuwa mlangoni na debe la chakula cha vifaranga. Kifua chake alikiacha Buhemba, kwenye mashimo ya dhahabu, na alichorudi nacho kilikuwa kama redio mbovu: kinanguruma, kinakatika, kinanguruma tena. Vifaranga arobaini ndiyo kazi aliyoweza. Nyumba ilikuwa inaendeshwa na mshahara wa Boke, na kila mtu ndani, pamoja na vifaranga, alijua hivyo.

"Kesho nakwenda kwake," akasema Thadeo.

"Ukamfanye nini, baba Rhobi? Ukamkoholee?"

Thadeo akataka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Walisubiri kiishe. Kilipoisha, hakuna aliyekumbuka hasira yake ilikuwa imefikia wapi.

"Sketi dukani ni elfu ishirini na tano," Boke akasema. "Shati kumi na tano. Na dawa yako ni Ijumaa."

Thadeo aliingia chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akarudi na suruali nyeusi ya suti. Akakaa kwenye kigoda, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa katikati, taratibu, uzi kwa uzi.

"Baba, hiyo si ya harusi yenu?"

"Ndoa haiko kwenye suruali, Rhobi. Lete sindano."

Rhobi alicheka kidogo. Boke hakucheka. Alikuwa anaangalia ule wembe unavyotembea.

"Nitamlipa," akasema.

"Mama Rhobi. Sisi ni Wakristo."

"Najua. Nitamsamehe nikishamaliza."

&nbsp;

Jumatatu alikwenda na sketi. Ilivuka goti, ikavuka na haki ya goti. Gibson alimzunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Hii ni bluu."

"Ni nyeusi, bosi."

"Njoo hapa juani. Unaona? Bluu ya usiku. Barua ilisema nyeusi."

Jumanne akaja ameichovya sketi kwenye rangi nyeusi, vidole vyake vyeusi mpaka kwenye kucha. Gibson akatazama chini. "Viatu vya wazi."

"Jana hukusema viatu."

"Jana sikuviona."

Jumatano ilikuwa kitambaa cha kichwani. Alhamisi ilikuwa harufu ya ile rangi ya sketi, kwamba inawasumbua wateja. Kila siku Gibson alisema kwa upole, mbele ya watu, na kila siku aliongeza, "Mimi nataka tu uwe mfano, mama yangu." Ijumaa alimrudisha nyumbani saa tatu asubuhi kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati, na siku hiyo ikakatwa kwenye mshahara. Wateja wa kila siku walianza kuja mapema ili wasikose.

Boke alirudi Bweri kwa miguu, na njiani akaligundua kosa lake. Alikuwa anapigana na mdomo wa mtu. Mdomo hauna mwisho, leo unasema hivi na kesho vile. Lakini karatasi ikishasema imesema. Mtu aliyetia mhuri hawezi tena kuniambia sikuviona.

Yaani kumwambia. Mnisamehe, nikisimulia nachanganyikiwa nani ni nani.

Kitu cha pili alikuwa nacho siku zote bila kukijua. Kila jioni alipigiana simu na Alfonce, karani wa tawi la Butiama, kulinganisha mizigo iliyotoka na iliyofika. Na kila baada ya wiki mbili Alfonce alisema neno lilelile huku akicheka: "Dada Boke, mkwe wa bosi wenu kaja tena na karanga zake. Yuleyule, khanga mbili na kandambili."

Huyo alikuwa Bibi Jenoveva wa kijiji cha Buswahili, mama mzazi wa mke wa Gibson. Alimtumiaga mwanawe Mseti, anayekaa Mwanza, karanga na unga wa muhogo kupitia tawi la Butiama. Sasa, kwa watu wa huku kwetu, mama mkwe si mtu wa mchezo. Mwanaume hampi mkono. Hali naye meza moja. Akimwona anakuja njiani, mkwe mtu anaingia porini, hata kama pori lenyewe ni miiba, mpaka mama apite. Na ikitokea amemwona bila nguo yake, au amegusa nguo aliyovaa, hiyo ni aibu ambayo maji hayaitoi. Wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa, blanketi linanunuliwa, na jina la huyo mkwe linasimuliwa kwenye kila harusi mpaka wajukuu wake wanazeeka. Gibson, na tai yake yote, alikuwa mtu wa huku. Alfonce alishamwona akiruka mtaro wa barabara kwa kumwona yule bibi mita hamsini mbele.

"Alfonce," Boke akasema jioni ile kwenye simu. "Mizigo ya Mwanza inalalaga hapo kwenu, si ndiyo?"

"Inalala, dada. Wakati mwingine siku mbili."

"Mwambie bibi safari ijayo alete mwenyewe huku Musoma. Ikifika asubuhi, inaondoka mchana."

Hapo hakusema uongo hata kidogo. Ndiyo maana alilala usingizi mzuri.

&nbsp;

Jumatatu iliyofuata Boke aliingia ofisini kwa Gibson na daftari.

"Bosi, nimefikiria. Ulikuwa sahihi."

Gibson akaacha simu yake. "Kweli?"

"Sisi tulizoea vibaya. Lakini bosi, na wateja je? Wanakujaga na makhanga, makandambili, wanajaza benchi kama wako kisimani. Tukivaa sisi tu itasaidia nini? Mtu wa makao makuu akija akakuta vile, atamlaumu nani?"

Gibson alijiegemeza kitini. Unajua mtu akisikia wazo lake kutoka kwenye mdomo wa mwingine, analipenda maradufu.

"Tuandike," akasema. "Chapa."

Akasema, Boke akachapa. *Kuanzia tarehe ya leo, mfanyakazi au mteja yeyote aliyevaa khanga, kandambili, au nguo inayoishia juu ya goti, haruhusiwi kupata huduma. Mwenye kubishana atapimwa na meneja mwenyewe.*

"Tuongeze kitu kimoja, bosi. Watu wasije wakasema unapendelea."

"Nini?"

"Hakuna cha mtu mkubwa wala ndugu."

Gibson alimtazama kwa macho ya baba aliyeona mtoto wake amefaulu. "Mama Rhobi, sasa umeanza kunielewa. Mambo ya mkataba wako tutayaongea vizuri."

Akagonga mhuri, akatia sahihi. Boke mwenyewe alipanda juu ya kiti akaibandika karatasi ile ukutani, akailainisha kwa kiganja mara tatu, pembe zote nne zikashika.

Siku tatu zikapita. Wateja walinung'unika, wengine wakaondoka, wengine wakaazimana viatu mlangoni. Boke aliandika stakabadhi zake na kila gari la Butiama liliposimama ng'ambo ya barabara, aliinua macho.

Ijumaa saa nne na nusu, Bibi Jenoveva akashuka.

Alikuwa mdogo kuliko Boke alivyomfikiria. Khanga moja kiunoni, nyingine mabegani, kiroba cha karanga kichwani, na kandambili moja ya kijani na nyingine ya bluu. Akaingia, akashusha kiroba, akasalimia benchi zima mmoja mmoja, kama watu wa zamani.

Ngusa akamwendea. "Bibi, samahani, hapa khanga hairuhusiwi."

"Nani kasema?"

"Karatasi ile."

"Mimi na karatasi hatujuani, mwanangu. Nimeleta karanga za Mseti."

Ngusa akageuka kumtazama Boke. Hapo ndipo Boke angeweza kuacha. Angesema, mwache bibi, lete kiroba nikipime. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini juu ya kichwa cha bibi aliliona benchi, na kwenye benchi alikuwepo yule aliyeuliza uzito.

"Karatasi imesema," akasema Boke. "Wala ndugu." Kisha akapaza sauti kuelekea mlango wa ndani. "Bosi! Kuna mteja wa khanga hapa, anabishana!"

"Mtoeni!" Gibson akajibu. Alikuwa kwenye simu na Mwanza.

"Hatoki, bosi!"

Mlango ukafunguka. Simu sikioni, futi kamba mkononi, tai imelalia begani. Bibi alikuwa ameinama anakaza kamba ya kiroba chake, mgongo ukiwa upande wa meneja. Gibson hakuona uso. Aliona khanga tu.

"Mama, hapa ni ofisi, si shambani," akasema, akaikamata ile khanga kwa pindo na kuivuta.

Bibi Jenoveva akanyooka na kugeuka, na katika kugeuka kwake khanga ya kiunoni ikabaki mkononi mwa mkwe wake. Chini alikuwa na gagulo jeupe lililochakaa, limeshonwa kwa nyuzi za rangi tatu, na miguu miwili myembamba kama ya kwale.

Nimeona watu wakipigwa na radi pale Mwisenge, lakini yule kijana alikuwa kimya zaidi. Simu ilianguka, ikaendelea kusema "Haloo? Haloo, Gibson?" sakafuni. Aliitazama khanga. Alitaka kuirudisha, akakumbuka kwamba kumkaribia ni kosa la pili. Alitaka kuiachia, akakumbuka kuitupa chini ni kosa la tatu. Akabaki amenyoosha mkono kama mti wa kuanikia nguo, machozi yanamtoka waziwazi, mbele ya benchi lote.

"Gibson?" bibi akasema. "Ni wewe?"

Gibson akapiga magoti, akarudi kinyumenyume kwa magoti hayohayo mpaka nyuma ya mzani, akaficha uso kwenye gunia.

Boke alisimama wima. Hakuna aliyemwambia. Aliuonja utamu ule mpaka kwenye vidole vya miguu. Ulikuwa utamu hasa, sitawadanganya. Halafu bibi akakaa chini sakafuni, akavuta khanga ya mabegani akajifunika kichwa badala ya miguu, akaanza kutetemeka, na utamu ukageuka mdomoni. Boke akazunguka kaunta, akavua koti lake, akamfunika yale magoti.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

"Asante, mwanangu," akajibu bibi chini ya khanga. "Mungu akubariki."

&nbsp;

Wazee walikaa Buswahili Jumapili. Gibson alitozwa mbuzi na blanketi. Mbuzi saba, na mablanketi kumi na mawili, ya manyoya. Na habari ilipofika Bunda kwa Mama Euphrasia, yule mama hakusubiri gari. Alipanda bodaboda, Bunda mpaka Musoma kwa dakika ishirini, khanga inapepea nyuma kama bendera. Akaingia na hiyohiyo khanga, akaisoma karatasi, akaichana, akaitafuna.

"Nani anapima watu hapa?" akanguruma.

Mama Euphrasia akachukua futi kamba, akampima tai, akaikuta imepungua sentimita nne. Akaikata kwa mkasi. Akamvua umeneja palepale, akamfanya mpakiaji chini ya Ngusa. Kisha akatoa ufunguo wa ofisi kifuani mwake, akamkabidhi Boke, akampa kile kiti kinachozunguka, na mshahara mara tatu, na...

"Mara ngapi?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Tulikuwa kwenye benchi letu la kahawa pale Mwigobero. Niliwaona wenzangu wanatazama juu ya bega langu, mmoja ameshika kikombe katikati ya safari.

"Mara mbili," nikasema bila kugeuka.

"Geuka unitazame, mzee."

Nikageuka. Alikuwa na beseni la samaki kichwani na aproni ya plastiki yenye magamba. Nilimfahamu kwa video.

"Shikamoo mzee," akasema Boke. Hata akiwa na hasira, adabu anayo.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa tu nawaeleza hawa..."

"Nimesikia tangu kwenye bodaboda. Mama Euphrasia ana kisukari, hapandi hata ngazi. Alipiga simu tu, akauliza kama mizigo imeondoka." Akalishusha beseni, akaliweka miguuni kwangu. "Mbuzi alikuwa mmoja. Blanketi moja. Gibson yupo palepale na tai yake, na karatasi ipo ukutani, wamefuta neno la wateja tu."

"Na mkataba?" akauliza mmoja wa kwenye benchi.

"Juni thelathini hakutia sahihi. Alfonce aliulizwa nani alimwita bibi Musoma, akasema ukweli. Ana watoto, simlaumu." Akafukuza nzi kwenye samaki. "Rhobi haendi tena shule, yuko nyumbani tangu Julai. Vifaranga tumeuza, baba Rhobi ananywa dawa nusu nusu. Hayo hukuwasimulia."

"Sikuyajua," nikasema. Nilikuwa nayajua.

"Na hili je? Bibi alirudi. Alikuja mpaka Bweri, kwa miguu kutoka stendi, na koti langu limefuliwa, limekunjwa. Akaniuliza, mwanangu, mimi nilikukosea nini? Akanisubiri nijibu." Boke akabandua gamba kwenye aproni. "Nilimpikia chai. Hakunywa."

Yule aliyeshika kikombe akakiweka chini.

"Mama Rhobi," akasema yule mwenye kikombe, kwa sauti ndogo, "sasa ukiangalia, ungefanya tena?"

Boke hakufikiria hata kidogo.

"Yule bibi ningemwacha kwao Buswahili. Gibson ningemtafutia njia nyingine, mbaya zaidi." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, wiki nzima unanipandisha cheo hapa, watu wanacheka, unanunuliwa kahawa kwa jina langu. Unanitajirisha kwa mdomo. Leo utanitajirisha kwa mfuko."

Akachuchumaa, akachambua beseni, akatoa sato watano, wale wa chini, wakubwa, ambao alikuwa amewafichia mteja wa hoteli. Akawapanga kwenye benchi pale nilipokuwa nimekaa. Akataja bei.

"Mwanangu, hiyo ni pensheni ya..."

"Najua."

Niliomba apunguze kidogo. Alinitazama. Nikatoa yote, akahesabu mbele ya watu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akajitwisha beseni lake akaenda zake kuelekea soko la juu. Wale sato ni wazuri, sikatai. Lakini mke wangu bado ananiuliza tangu lini mimi nanunua samaki watano, na kila jibu ninalomtungia, haliamini.